Fundi Aliyewaachia Walio Hai Nafasi

Kila aliyefika kwake na picha mkononi aliulizwa swali moja kabla ya kuambiwa aketi: "Muzima ao marehemu?" Hakutaka kujua jina la aliyemo pichani, wala cheo chake, wala kama picha ilipigwa Bujumbura au ng'ambo Uvira. Alitaka hilo tu, na alitaka lijibiwe kwa neno moja. Mtu akianza kueleza kwamba mjomba wake alisafiri siku nyingi na barua zimekatika, alimrudishia picha yake, akamwambia aende akaulize kwanza, kisha arudi.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na mmoja. Tulipanga baraza moja kwenye barabara inayoteremka kutoka soko la Rumonge kuelekea ziwani: yeye upande wenye mlango mpana, mimi upande wenye dirisha, ambako niliwaandikia watu barua na kuwajazia fomu za komine, ofisi ya serikali ya mji wetu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao alioujenga mwenyewe, mwembamba kiasi kwamba niliweza kutambua kwa sikio siku randa yake ilipokuwa butu. Aliniita Karani. Nilimwita Fundi. Mji mzima ulimwita fundi wa kadre, kwa kuwa kadre ndilo neno la Rumonge kwa fremu ya picha. Alikotoka na wazazi wake hakunieleza, nami sikumdadisi. Ninachoweza kukieleza kwa uhakika ni kazi yake, na yale ambayo kazi hiyo ilitutendea.

Alitengeneza kadre za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kama zilivyo kadre za kila mahali: mbao nne zilizochongwa mfuo kwa ndani, picha ikakaa ndani ya mfuo huo chini ya kioo, kingo zake zote zikafunikwa na mbao. Hiyo ilikuwa ya marehemu. Ya pili ilikuwa ya walio hai, nayo sikuiona kwingineko katika mwambao wetu, si Magara wala Minago wala Gatete. Picha iligandishwa juu ya ubao mwembamba uliokatwa sawasawa na ukubwa wake, na ubao huo ukafungwa kwa visi, yaani skrubu, kutoka nyuma, ukasimama katikati ya kadre bila kugusa upande wowote. Ili nafasi iwe sawa pande zote nne, alisimamisha vijiti vya kiberiti kati ya ubao na kadre, viwili kila upande, akakaza visi, kisha akavichomoa kimoja kimoja huku amezuia pumzi. Mwanya uliobaki aliupaka masizi yaliyochanganywa na gundi, hata jicho lisiuone mwisho wake. Ukisimama hatua tatu kutoka ukutani, ungesema picha inaelea, kama jani lililotulia juu ya maji ya asubuhi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini alitenganisha hivyo. Alikuwa akinoa patasi, hakuinua kichwa.

"Mutu anaguswa na mbao pande zote siku moja tu, Karani. Ile siku wanamulaza kaburini na kumupangia mbao juu. Mbele ya hiyo siku, umuachie nafasi."

"Na picha ikipata vumbi katika huo mwanya?"

"Utapangusa. Muzima anaoshwa kila siku. Ni kazi gani?"

Watu wa mji waliipokea desturi hii taratibu, bila mtu kuitangaza, mpaka ikawa adabu. Mgeni akiingia sebuleni aliinua macho ukutani kabla ya kukaa. Kwa picha yenye mwanya aliuliza habari za mhusika. Kwa picha iliyofungwa alisema pole. Nyumba zetu zilisomeka hivyo kwa miaka, na sikumbuki mtu yeyote aliyefikiri kwamba kusomeka ni hatari.

Ukali wake katika jambo hili haukuwa na mpaka. Mwaka wa Uhuru, karatasi zenye picha ya mwanamfalme aliyeuawa mwaka uliotangulia ziligawiwa kila mahali, na kila mwenye ukuta alitaka kadre. Kijana mmoja wa chama alileta picha nane za ofisi. Aliporudi kuzichukua, akakuta zote zimefungwa, alipiga kelele hata wauza mihogo wakasogea kutazama.

"Wewe muzee, umefanya nini? Huyu tunataka ya wazi! Huyu hafi!"

"Amekufa. Redio ilisema, na nyinyi wenyewe mulilia."

"Hafi katika mioyo ya Warundi!"

"Basi mumutengenezee kadre katika mioyo. Hapa iko ukuta."

Watu walicheka, na kijana naye, baada ya kukunja uso kwa muda, akacheka. Alizichukua kama zilivyo. Siku ya sherehe picha hizo nane zilining'inia kwenye uzi kati ya minazi miwili, zimefungwa barabara, juu ya watu waliokuwa wakicheza ngoma. Na ninakiri kwamba mimi niliona vibaya, kana kwamba mtu alikuwa ameleta habari ya msiba harusini. Fundi alisimama kando, amevaa kanzu safi, ameridhika.

Alikuwa mtu wa sala na mtu wa matusi, na hakuona mgongano kati ya hayo mawili. Aliishi hatua mia mbili kutoka ziwani, lakini hakula samaki. Alisema samaki wana macho mengi mno. Mama mmoja aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele ya baraza, ambaye kila mtu alimwita Mama Ndagala, alifanya kazi ya kumchokoza kila alasiri.

"Fundi, nikuletee kasahani kadogo?"

"Peleka kule harufu yako."

"Harufu yangu ndiyo inasomesha watoto. Yako ya gundi imesomesha nani?"

Hata hivyo picha ya Mama Ndagala, yenye mwanya mpana na masizi meusi kuliko zote, ilikuwa kazi yake bora. Alimtengenezea bila kuombwa. Yeye mama, kwa mapenzi, aliiharibu ndani ya wiki moja kwa kuing'arisha kwa mawese. Kosa hilo lilikuwa la mji mzima. Kwetu mawese ni dawa ya kila kitu, ya ngozi, ya sufuria na ya mlango unaolia, na hakuna aliyeamini kwamba kuna mbao isiyoyataka. Lakini mawese hayakauki. Kadre ilinata vumbi, kisha mabawa ya kumbikumbi, mpaka uso wa Mama Ndagala ukawa umezungukwa na manyoya. Fundi alimtukana kwa robo saa nzima, akakaa chini, akaikwangua kadre yote kwa kipande cha chupa.

Siri za kazi hakuwa nazo. Aliyetaka kujitengenezea kadre mwenyewe alipewa msumeno, vibao vya mabaki kutoka kwa waundaji wa mitumbwi na nafasi mezani, na alifundishwa bila malipo, ingawa si bila matusi. Mimi nilijaribu mara moja; pembe zangu zilikataa kukutana. Aliyefanikiwa alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Minago. Alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli, akavua koti, akalining'iniza kwenye msumari uleule kila mara, na wawili hao wakafanya kazi saa nzima bila kusemezana. Mwalimu alipenda pembe. Alichora kwa penseli mstari wa nusu pembe mraba, akaukagua, akaufuta, akauchora tena. Baadaye aliwafundisha wanafunzi wake kutengeneza kadre za vibao vya masanduku ya samaki, na kila mtoto wa darasa lake alikuwa na mchoro wake ukielea ukutani. Fundi, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mtu, aliniambia kupitia ukuta wetu wa mbao:

"Shemeji yako anapima mbele ya kusema. Wako wachache."

Mwishoni mwa Aprili mwaka 1972 vurugu zilizuka katika mwambao wa kusini. Watu waliuawa barabarani na majumbani kwa mapanga ya waasi. Kisha jeshi likaja, na kuuawa kukaendelea kwa mkono mwingine, kwa orodha za majina ya waliosoma. Sitaandika zaidi ya nilichokiona au nilichoambiwa na aliyekiona. Nilichoambiwa na watoto wa darasa lake ni kwamba shemeji yangu aliitwa nje kati ya somo la hesabu na mapumziko, siku ya Jumanne, akaweka chaki chini, akawaambia wamalize zoezi. Lori lilielekea kaskazini. Mimi sikuchukuliwa; sababu siijui, na sitajifanya kuijua.

Dada yangu alihamia kwangu Rumonge na kifurushi kimoja na picha moja ya mumewe, iliyopigwa siku alipohitimu ualimu. Alikwenda komine mara tatu kuuliza. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili aliambiwa mumewe amesafiri. Mara ya tatu hakuambiwa kitu. Mtu aliyekuwa mezani alimtazama mpaka akaondoka. Kuomboleza hakukuruhusiwa, kwa kuwa anayeomboleza anasema kwamba mtu ameuawa, na aliyeuawa ana muuaji. Katika mji ambao nusu ya nyumba zilikuwa na pengo, hakukuwekwa tanga hata moja, na hakuna aliyesema pole.

Mwezi Juni dada yangu alivuka baraza, akaingia kwa fundi na ile picha. Nilikuwa upande wangu, nasikia.

"Muzima ao marehemu?"

Nina hakika alisema kwa mazoea, kabla ya kuinua macho. Kisha randa ikanyamaza. Dada yangu hakujibu. Mtu huyu, aliyewarudisha watu kwa miaka kumi kwa kukosa jibu la neno moja, hakumrudisha.

"Lete," alisema. "Nitamuachia nafasi."

Aliitengeneza siku hiyohiyo. Nilipochungulia, alikuwa akichomoa kijiti cha mwisho. Dada yangu aliitundika sebuleni kwangu, mkabala na mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Mei alikula chakula akakimaliza. Nilifurahi. Nalitaja hili kwa kuwa mimi pia nilikuwemo katika kosa: nilikuwa na macho, nilijua ukuta wangu unasema nini, na sikuitoa kadre.

Wiki ya pili akaja mtu wa komine kukagua nyumba. Laiti angalikuwa mgeni, angaliona picha tu. Lakini alikuwa mzaliwa wa Rumonge. Picha ya mama yake ilifungwa na fundi wetu. Aliingia, akainua macho ukutani kabla ya kukaa, kama tulivyofundishwa sote.

"Ah," alisema kwa sauti ya upole. "Mwalimu iko muzima. Murakoze, asante Mungu. Sasa iko wapi?"

Dada yangu alisema hajui.

"Hujui, na umemuachia nafasi? Mama, hii kadre inajua. Iko Kigoma? Iko na wale wa mapanga?"

Walimchukua dada yangu, wakakaa naye siku mbili. Aliporudi alitembea akishika kuta. Hakusema alichofanyiwa, nasi hatukumuuliza, na mpaka leo sijui. Aliitoa kadre ukutani, akaisukuma chini ya kitanda, uso wa picha ukielekea chini.

Nilikwenda kwa fundi nikiwa na maneno tayari, na niliyasema yote. Nilimwambia kwamba kazi yake ilikuwa kipimo, na kwamba siku moja tu aliyoacha kipimo akafuata moyo, dada yangu ndiye aliyelipa. Hakunitukana. Alisema:

"Nilimupenda yule mwalimu, Karani. Singeweza kumufunga kwa mukono wangu."

"Basi ungemrudishia picha yake."

"Ndiyo," alisema. "Ningemurudishia."

Kuanzia siku hiyo hatukusemezana, ingawa ukuta uliendelea kunipa habari zake. Asubuhi ya tatu niliona amefunga mlango, amejitwika begani mfuko wa vibao na zana. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa wiki nyingi, kutoka mtaa wa Waswahili hadi nyumba za wavuvi waliotoka Kongo, alitoa ukutani kila kadre yenye mwanya aliyopata kuitengeneza, akaifunga kwa kuuziba mwanya kwa vibao. Hakuuliza chochote. Aliye hai alifungwa, aliyekufa alikuwa amefungwa tayari, aliyechukuliwa alifungwa pamoja nao, ili mtu wa komine akiinua macho asisome neno. Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya miaka mingi, na aliyafuta moja baada ya jingine kwa nyundo ndogo. Nilimwona akimfanyia Mama Ndagala, pale pale barazani.

"We Fundi! Unanizika na mimi bado nauza samaki?"

"Nyamaza, mama. Nyamaza uishi."

Alasiri ile Mama Ndagala hakumchokoza.

Alipofika kwangu nilikuwa nje. Dada yangu ndiye aliyemzuia mlangoni. Aliniambia jioni, kwa maneno machache, kwamba amemwambia fundi ya kwake isiguswe. Fundi alimsihi; alimwambia ndiyo pekee iliyobaki wazi katika mji mzima, na kwamba kitanda si maficho. Dada alimjibu: "Nikikuruhusu, nitakuwa nimemuua mimi." Fundi akachukua mfuko wake, akaenda. Baada ya hapo hakutengeneza kadre tena. Alitengeneza viti na vitanda, vibaya, na pembe zake hazikukutana.

Ninafika sasa mwisho wa habari zangu naye. Ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata, siku ya soko, saa nne asubuhi. Mtu mmoja aliyekuwa kwenye lori lile, ambaye kwa namna asiyoielewa mwenyewe aliteremshwa njiani, alikuwa amepita kwetu kimyakimya na kumweleza dada yangu alichokiona. Hakukawia, alikuwa na watu wengine wa kuwaeleza. Dada yangu alikaa siku nne. Siku ya tano alivuta kadre chini ya kitanda, akaipangusa vumbi kwenye mwanya kwa ncha ya kitambaa, akaniomba nimsindikize. Kwa hiyo niliingia kwa fundi kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wanaoacha kula. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu.

Dada aliweka kadre mezani.

"Uifunge, Fundi."

Aliitazama kwa muda. Akasema kwamba vibao vya kuziba mianya vimemwishia. Itabidi achonge vingine. Dada akasema atasubiri. Fundi alichukua kibao, akakipima mara tatu. Akakiweka chini.

Ndipo dada yangu akasema jambo ambalo mimi, mtu wa kalamu, sikuwa nimelifikiri.

"Lakini umezifunga zote, Fundi. Mji wote umefungwa, hata Mama Ndagala. Ukifunga ya kwangu, itakuwa kama zingine. Nani atajua nimefiwa?"

Fundi alikitazama kibao alichokiweka chini, nami nikaona ya kwamba mbao hazikumbakizia neno la kumwambia. Nje, barabara ilikuwa imejaa: baiskeli zenye madumu ya mawese, wachuuzi wa kutoka Magara, askari wawili waliokuwa wakinunua ndizi hatua chache kutoka mlangoni. Niliona anawaona. Nilidhani ataufunga mlango.

Aliusukuma ukafunguka wote. Akarudi, akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akasimama wima mbele ya dada yangu kama mtu aliyefika matangani. Akasema kwa sauti ambayo Mama Ndagala aliisikia ng'ambo ya barabara, na kwa hiyo nina hakika kwamba askari nao waliisikia:

"Pole, Mama Mwalimu. Pole kwa kufiwa na bwana wako."

Mama Ndagala aliinuka kwenye jamvi lake, mikono yake ikiwa na magamba ya samaki, akabaki amesimama. Mmoja wa askari aligeuza kichwa, akatutazama, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Dada yangu hakuwa amelia tangu Mei ya mwaka uliopita. Hata pale hakulia mara moja. Kwanza alitafuta jibu, kwa sababu pole ina jibu lake, na alikuwa hajapewa nafasi ya kulitoa.

"Nimeshapoa, Fundi," alisema, na hapo akalia, tukamshika, mimi huku na fundi huku.